Mkia wa Heslop

Kama kuna kitu kilichowahi kuwatoa jasho watu wa Shildon, mji wetu mdogo huku kaskazini mwa Uingereza, bila wao kuinuka kwenye kiti, ni mkia wa Clifford Heslop.

Usiniulize kwa nini watu wazima, wenye wajukuu na vitambi, wanakaa mbele ya kompyuta kuendesha treni ya mvuke ambayo haipo. Huku kwetu hatuulizani. Mji huu ulizaliwa na reli, kazi za reli zikaondoka, watu wakabaki na hamu. Wengine wanasugua injini za kweli kwenye mabanda ya makumbusho, wengine wana kompyuta. Clifford na jirani yake Thelma Coulson walikuwa wa kompyuta. Walitengeneza injini za mvuke za kuingiza kwenye mchezo wa treni, wakazigawa bure kwa yeyote aliyezitaka, popote duniani alipo. Na zilikuwa injini hasa! Moshi ulitoka kama moshi, chuma kilisaga chuma, na ukisahau maji kwenye boila unakiona cha moto.

Sasa tuseme unataka kuibadili injini yako. Unataka ile uliyoiona utotoni, yenye bomba refu la moshi, taa mbili mbele na masizi mpaka kwenye namba. Hapo ndipo ulipokutana na mkia. Ilibidi uandike namba ya injini, halafu nyuma yake ufuatishe msururu wa herufi na tarakimu: hii ya bomba, hii ya boila, hii ya taa, hii ya kibehewa cha makaa, hii ya uchafu, kwa mpangilio ule ule. Maelezo yake yalikuwa kitabu kizima. Ukichanganya kidogo tu, umekwisha. Bibi mmoja wa Adelaide alikaa wiki nzima na injini isiyo na magurudumu, inaelea hewani kama imepandwa na mashetani. Bwana mmoja wa Bavaria alipata taa, akapata bomba, akapata na dereva amekaa vizuri kabisa, ila injini yenyewe haikuwepo.

Juu ya hayo kulikuwa na sheria ya Clifford: bila picha hakuna injini. Kama hakuna picha ya zamani inayoonyesha bomba fulani juu ya boila fulani, mkia ulikataa. Ukilazimisha, unaandikiwa kwa adabu kwamba mchanganyiko huo haujathibitishwa. Adabu ile iliwakera watu kuliko tusi.

Wote waliokwama walimwandikia Clifford, na Clifford aliwajibu. Maisha yake yote ya kazi alikaa kwenye dirisha la maulizo, stesheni ya Darlington. Treni ya York saa ngapi, choo kiko wapi, mbwa naye anakata tiketi? Alijibu yote kwa sauti ile ile ya upole mpaka wakamstaafisha na kumpa saa ya ukutani. Kwa hiyo alipoanza kujibu maswali ya mkia, hakuna aliyeshangaa. Mwacheni mzee, watu walisema, ndiyo raha yake.

Thelma naye alisema hivyo hivyo. Enid, mkewe Clifford, alipofariki, mapazia ya nyumba ile yalikaa yamefungwa mpaka watu wakaanza kunong'ona dukani. Kisha yeye na Thelma wakatoa injini yao ya kwanza, maswali yakaanza kumiminika, na Clifford akaanza kunyoa ndevu tena. Thelma aliyaona hayo kwa macho yake kutoka dirisha la jikoni, ng'ambo ya barabara. Barua zote ziliingia kwenye kompyuta yake, kwa hiyo kila asubuhi alizichapa kwenye karatasi, akavaa koti, akavuka. "Umepata wateja leo, Clifford!" alisema mlangoni kwa uchangamfu, na Clifford akazipokea kwa mikono miwili na kusema, "Lo, wengi kweli."

Sasa shida yake hii hapa. Thelma mwenyewe alikuwa ameuchukia mkia. Aliuchukia tangu zamani, kimya kimya, kama unavyomchukia mgeni asiyeaga. Alifanya kazi ya kompyuta kwenye ofisi za halmashauri mpaka nywele zikawa nyeupe, na alijua tofauti ya kitu kigumu na kitu kilichofanywa kigumu. Watu walikuwa wanazikimbia injini zao. Hata wanachama wa klabu ya reli, pale pale Shildon, walikuwa wanacheza na injini za watu wengine kwa kujificha. Basi majira ya baridi yalipoingia akajifungia na kutengeneza dirisha. Ukilifungua unaiona injini yako imesimama. Unagusa bomba, yanatokea mabomba, unachagua. Unagusa taa, unachagua. Unafunga. Kanywe chai.

Siku lilipokubali kwa mara ya kwanza alicheza jikoni peke yake, paka akatoka mbio. Kisha akakaa chini, na furaha yote ikamwishia miguuni. Mkia ukifa, maswali yatakufa. Na maswali yakifa, Clifford atabaki na nini? Na saa ya ukutani? Aliyaona mapazia yale yamefungwa tena, na safari hii aliyeyafunga ni yeye, Thelma.

Alijiapia kumwambia kabla ya Jumamosi. Jumamosi hiyo klabu ya reli ilikuwa inafungua milango kwenye ukumbi wa kanisa la Wamethodisti, kama ifanyavyo kila mwaka, na wao wawili walikuwa waonyeshe injini yao mpya, ile ya kuvuta makaa, weusi mtupu, injini ya huku kwetu. Clifford alikuwa ameandaa hotuba juu ya mkia, na makaratasi ya kugawa, boksi zima.

Jumanne akapiga moyo konde, akavuka barabara.

"Clifford, nina jambo."

"Karibu. Maji yamechemka." Akammiminia. "Jambo gani?"

Thelma akakoroga chai. Akaikoroga sana.

"Thelma, unakoroga nini? Hukuweka sukari."

"Nilitaka kusema..." Akamwangalia Clifford usoni, akayaona yale makaratasi ya maswali yamepangwa vizuri kando ya mkate wa kuchoma ulioliwa nusu, na ulimi ukagoma. "Mfereji wako wa paa umeziba. Unamwaga maji ukutani."

"Ahaa," akasema Clifford. "Ndiyo, niliuona."

Wakaongea juu ya mfereji wa paa mpaka chai ikapoa. Alhamisi alijaribu tena, wakaongea juu ya mbwa wa mama mmoja wa kona. Jumamosi asubuhi, wanapakia kompyuta kwenye gari, alifungua mdomo kabisa, akatoa sauti, na kilichotoka ni, "Umechukua mwavuli?" Jamani! Mwanamke aliyewahi kumjibu mkubwa wake wa kazi mbele ya kikao kizima.

Basi akaamua kuwa mwoga rasmi. Angeonyesha injini kwa njia ya zamani, Clifford angetoa hotuba yake, watu wangepiga makofi ya heshima, na dirisha lingebaki limefichwa nyuma ya kijipicha kidogo pembeni mwa skrini. Nani atakigusa?

Doreen Pinkney atakigusa.

Doreen hakuwa mwanachama. Alikuja kumimina chai, kugawa mikate ya soseji na kuwasema watu. Baba yake alikuwa mchochea moto kwenye injini aina ile ile, na mwaka uliopita Doreen alikuwa ameomba atengenezewe ya baba. Clifford alimwandikia mkia mzuri. Doreen alihangaika nao jioni nzima, akapata injini iliyolala ubavu, akafunga kompyuta na kusema baba yake hakufa afufuliwe namna ile. Tangu hapo alikuwa na kisasi na mkia.

Clifford alikuwa ametoka kwenda garini kulichukua lile boksi. Thelma alikuwa anatafuta pa kuchomeka waya. Doreen akapita na sahani, akakiona kiti kitupu mbele ya kompyuta, akakaa apumzishe miguu.

"Hiki kijipicha ni cha nini, kipenzi?"

"Kipi?" Thelma aliuliza kutoka chini ya meza.

"Basi, nimeshakigusa. Ooo! Tazama wewe!"

Thelma aliinua kichwa kwa haraka akakigonga kwenye meza. Alipofanikiwa kusimama, Doreen alikuwa ameshabadili taa, ameshajaza makaa, ameshapaka masizi, na watu watano sita wamemzunguka na vikombe vyao.

"Nimegusa tu, likaja," Doreen alikuwa anasema. "Gusa, chagua. Gusa, chagua. Hivi kumbe ni rahisi? Na hili bomba lenye kung'aa, hebu... ala! Limekaa!"

Hapo Thelma akaliona kosa lake. Katika pilika zake za kujificha alikuwa ameyaweka mabomba ya injini zao zote kwenye kabati moja, na ile sheria ya bila picha hakuna injini alikuwa amesahau kuitia. Juu ya injini nyeusi ya makaa, injini ya reli ya Kaskazini-Mashariki, injini ya baba zetu, lilikuwa limekaa bomba lenye ukingo wa shaba. Bomba la reli ya Magharibi, kampuni nyingine kabisa. Ni sawa na mtu kuingia uwanja wa Sunderland amevaa jezi ya mahasimu wao Newcastle, halafu akaomba aonyeshwe kiti.

"Hilo ni nini?" ikatoka sauti nyuma. Ilikuwa ya Eustace Garth, mwenyekiti wa klabu, mtu anayeweza kukuonyesha msumari wa ribiti uliokosewa kwenye picha iliyopigwa gizani. "Hilo ni bomba la Magharibi. La shaba! Kwenye injini ya kwetu!"

"Kwani limekukaba?" akauliza Doreen.

"Halikuwahi kutokea! Hakuna picha!"

"Si uipige sasa, Eustace, hiyo hapo mbele yako. Baba angelipenda. Alikuwa mtu wa kupenda vitu vinavyong'aa, muulize mama yangu."

Watu wakacheka, kisha wakanyamaza ghafla, maana mlangoni alikuwa amesimama Clifford Heslop na boksi lake kifuani. Ukumbi mzima ukamgeukia.

Clifford akasogea taratibu mpaka mbele ya skrini. Akalitazama bomba la shaba.

"Doreen, umeandika nini hapa?"

"Sijaandika kitu, kipenzi."

"Lazima umeandika."

"Hata herufi. Nimegusa tu. Thelma ndiye amelitengeneza, muulize yeye."

Clifford akamgeukia Thelma. Uso ulikuwa umemwiva. Thelma alitaka kusema maneno yote aliyoshindwa kuyasema Jumanne na Alhamisi, lakini lililotoka ni "Clifford..." basi. Mzee akatikisa kichwa mara moja, kama mtu aliyepewa habari za msiba, akageuka na boksi lake, akatoka nje kwenye mvua.

"Mmemwona?" Garth akasema. "Mmemuua mzee wa watu. Kwa shaba."

Thelma hakusubiri kuvaa koti. Alitoka, akaangalia garini, hayupo. Akaangalia kituo cha basi, hayupo. Mvua ilikuwa ile ya kwetu, isiyonyesha wala kuacha, na alikuwa analia sasa, bila kujificha, mwanamke mzima analia barabarani na hata hakujali nani anamwona. Nimemuua, alikuwa anajiambia. Yule mtu hakuwa na kitu kingine duniani, nami nimemnyang'anya mbele za watu, kwenye chai na mikate. Kwa nini nisingeacha tu? Nani alifariki kwa sababu ya mkia?

Akamkuta nyuma ya ukumbi, kwenye mapipa ya taka. Boksi lilikuwa limefunguliwa, na Clifford alikuwa amesimama na kitita cha makaratasi mkononi, amevua miwani.

"Thelma," akasema. "Pipa la karatasi ni lipi, hili au lile? Hili naona limeandikwa chupa."

"Clifford, nisikilize. Nilikuja kukwambia. Jumanne nilikuja kabisa kwa ajili hiyo."

"Jumanne ulikuja kunisimulia mfereji wa paa."

"Nilishindwa! Na Alhamisi pia."

"Alhamisi ilikuwa mbwa." Akavaa miwani. "Hebu nijibu kwanza. Hilo dirisha lako. Mtu akilitumia, hatahitaji kuniuliza kitu?"

Thelma hakuwa na pa kukimbilia. "Hatahitaji."

"Hata kuhusu taa?"

"Taa zipo kwenye picha, anagusa. Clifford, nisamehe."

"Hata yule wa Bavaria?"

"Hata yule."

"Yule mwenye injini nne na maswali kila Jumapili? Una hakika?"

"Nina hakika," Thelma akasema, na machozi yakamzidi.

Clifford akafumba macho. Akashusha pumzi ndefu, ndefu mno, mpaka mabega yake yakashuka nayo na shingo ikaonekana. "Ee Mungu wangu," akasema. "Asante."

Thelma akadhani hakusikia vizuri. "Umesema?"

"Nimesema asante!" Akakitupa kile kitita cha makaratasi kwenye pipa, bila kujali la chupa au la nini, akashika ukingo wa pipa na kuanza kucheka. Akacheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka Thelma akampiga mgongoni. "Nimekuwa naota hili. Naota kweli, usingizini. Naota nimeamka na hakuna anayeuliza kitu."

"Lakini unapenda maswali!"

"Nani kakwambia?"

"Kila mtu!"

"Kila mtu hakuniuliza mimi." Sasa alikuwa hacheki. "Thelma, mimi nimejibu watu tangu sina ndevu. Unajua kulikuwa na neno moja lililokatazwa pale dirishani? Karani wa maulizo hasemi hajui. Ni marufuku. Kama hajui anainuka, anatafuta, anarudi na jibu, na foleni inamtazama kama yeye ndiye aliyechelewesha treni. Siku niliyostaafu nilijiambia, Heslop, kuanzia leo hujui kitu. Ikaja injini yetu. Nikatengeneza mkia kwa sababu sikuwa na akili ya kutengeneza kingine, na jioni ile ile mtu akaniuliza."

"Lakini ulianza kunyoa ndevu."

"Nilinyoa kwa sababu wewe ulikuwa unakuja kila asubuhi. Ningefunguaje mlango na sura ile?"

Mvua ilikuwa inamchuruzika Thelma shingoni na hakuisikia.

"Tangu Enid aende sijaendesha hata treni moja," Clifford akaendelea. "Hata moja. Nikifungua mchezo ni kumtafutia mtu bomba lake. Watu wa dunia nzima wananiandikia, na katika wote hao hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza, na wewe mwenyewe unaendeleaje."

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesemaje? Kila siku unavuka barabara umejaa furaha. Umepata wateja leo, Clifford! Nikasema, mwanamke wa watu amestaafu, yuko peke yake, hii ndiyo sababu yake ya kutoka nje. Nimwache."

"Mimi?" Thelma akapandisha sauti mpaka njiwa wakaruka juu ya paa. "Mimi ndiye? Mimi nilikuwa nakuletea kwa ajili yako, wewe mzee! Kwenye theluji! Mwaka jana nilianguka hapo kwako kwenye barafu nikavunja kifundo cha mkono, nikakuletea maswali na bandeji!"

"Nilidhani unayapenda kweli."

"Nayachukia! Na mkia wako nauchukia!"

"Mimi zaidi," Clifford akasema.

Wakatazamana. Hivi ndivyo tulivyo huku, nisikufiche. Mtu atakukanyaga mguu kwenye basi, na wewe uliyekanyagwa ndiye utakayeomba radhi. Watu wawili wazima, majirani, wamebebeana mzigo ambao hakuna aliyeutaka, kila mmoja anaona amemsaidia mwenzake, na kinywa kimoja kilichofunguliwa mapema kingemaliza yote. Thelma alianza kucheka huku bado analia, kamasi na mvua vyote pamoja, na alihisi kifua chake kimekuwa chepesi mpaka akaegemea ukuta. Tangu majira ya baridi hakuwa amevuta pumzi yote.

"Umelowa," Clifford akasema. "Twende ndani kabla hawajatutumia wazima moto."

Ndani hakuna aliyekuwa amekula kitu. Walikaa wamejipanga ukutani kama watu waliokuja kuhani. Doreen alikuwa ameshaanza kumtafutia Clifford kiti na chai ya sukari nyingi, ile ya kumpa mtu aliyepata mshtuko. Garth alikuwa amesimama kando ya kompyuta, mikono nyuma, analinda ushahidi.

"Heslop," akasema kwa sauti ya kikao. "Pole sana. Sasa tafadhali waeleze hawa. Bomba lile na boila ile viliwahi kukutana wapi?"

Clifford akaketi mbele ya skrini. Akaitazama injini nyeusi na shaba yake inayowaka. Watu wote walingoja, maana wote walijua jibu linakuja, na tarehe yake, na karakana yake, na jina la aliyepiga picha.

"Sijui," Clifford akasema.

"Unasema?"

"Sijui, Eustace." Alilisema polepole, kama mtu anayeonja kitu. Kisha akalisema tena, kwa sauti, na uso wake wote ukafunguka. "Sijui kabisa! Na sitaki kujua. Doreen, baba yako alikuwa anaweka taa wapi?"

"Ninakumbuka mimi? Moja hapa, moja huku. Weka popote, kipenzi, kwake yeye ilikuwa ni kuwasha tu."

Clifford akagusa, akachagua. Akagusa, akachagua. Akabonyeza honi, na watu wakaruka, maana ilikuwa kubwa kuliko ukumbi. Kisha akafungua mvuke, na ile injini isiyowahi kutokea ikajivuta na mabehewa yake ya makaa, ikaanza kupanda mlima, bomba la shaba linang'aa kama jua. Alikuwa dereva mbovu wa kutisha. Alisahau maji, akasimama katikati ya mlima, akarudi nyuma kidogo, Doreen akipiga kelele kama yumo ndani. Walipofika juu ukumbi mzima ulishangilia. Thelma alikuwa amekaa kando na koti la mtu mwingine mabegani, mkate wa soseji mkononi, na njaa ambayo hakuwa nayo kwa wiki nyingi.

Kabla ya kufunga, Garth aliomba, kwa ajili ya ukaguzi tu, ajaribu kidogo hilo dirisha. Walimwacha nalo. Doreen aliapa baadaye kwamba alimwona ameipaka injini rangi ya kijani.

Jumatatu asubuhi Thelma alivaa koti, akafika mlangoni, akajikuta anatazama mashine ya kuchapa. Hakukuwa na kitu cha kuchapa. Zilikuwepo barua, ndiyo, lakini zote za watu waliolipata dirisha usiku ule ule wa Jumamosi, Thelma alipolitoa, na kusema asante, na ya Bavaria ilikuwa na alama za mshangao tupu. Alisimama hapo kitambo na mikono yake mitupu, hajui aiweke wapi. Mtu unavukaje barabara bila sababu? Kisha akaona pazia la ng'ambo limefunguliwa na kichwa cheupe kimesimama dirishani, kinatazama upande wake, na hakijifichi. Akavuka.

Clifford akafungua kabla hajabisha. Alikuwa amenyoa.

"Umeniletea nini?"

"Sijaleta kitu. Nina swali moja tu."

"Thelma!" Akashika kichwa. "Tulikubaliana!"

"Ni langu mimi. Si la mkia." Alihisi mashavu yakimwaka, maana huku kwetu hatuulizani hivi tukitaka jibu. "Wewe mwenyewe unaendeleaje, Clifford?"

Clifford alifungua mdomo kujibu upesi, kwa sauti ile ya dirishani. Akaufunga tena. Akaachia kitasa, akasogea pembeni kumpisha.

"Ingia," akasema. "Hilo lina maelezo marefu."